Kidole Kwenye Mchoro wa Baba

Shungopavi,
wiki ya mavuno

Kaka yangu mpendwa Wendell,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Winslow, wewe na wifi. Sisi hatujambo. Mahindi yamekuja vizuri, ila upande wa bondeni kunguru wametutangulia.

Asante, kaka. Ule mchoro wa rangi za maji uliouokota kwenye sanduku la baba umefika bila kukunjamana. Uliandika kwamba ni msichana tu wa ngoma ya kipepeo, wala hukujua baba aliwahi kushika brashi. Nami niliona hivyo hivyo: shungi jeusi limemfunika macho, taji la mbao lina mawingu, miguu mitupu, na nyuma yake karatasi nyeupe basi.

Mama unajua alivyokuwa tangu tumzike baba, chakula hakigusi. Juzi Bibi Ramona, shangazi yake baba, alikuja kutusaidia kuoka mikate myembamba ya piki kwenye jiwe la moto, akamtania mama kama kawaida: "Wewe mwizi, ulitukokotea mtoto wetu. Hata kukuona hakuwa amekuona." Utani huo ni wa tangu harusi, siku akina bibi wa upande wa baba walipommwagia mama tope kwa mzaha, kama ilivyo desturi, na sote huucheka. Safari hii mama aliuacha mkate ukiungua jiweni, akatoka. Baadaye aliniambia kwamba yeye ndiye aliyepeleka unga kwao baba kumposa, kama wasichana wetu wafanyavyo, na baba akakubali. Miaka yote baba hakumwambia kama alimtaka, au aliona haya tu kumrudisha.

Nikampa mchoro wako apate kitu cha kutazama. Aliushika karibu na dirisha. Kisha, kaka, akavua soksi, akaupandisha mguu mezani kando ya karatasi. Unakijua kile kidole chake cha mwisho kilichompanda mwenzake. Cha yule msichana kimepanda vilevile.

Mama aliicheza ngoma ile mara moja tu, kiangazi kabla hajapeleka unga. Na uwanjani petu hakuna kupiga picha wala kuchora. Baba alimtazama kutwa, akaenda naye nyumbani kichwani, kidole na vyote.

Nilimwita Bibi Ramona. Akatazama mguu, akatazama mchoro, akanung'unika: "Kumbe mwizi ni huyu wetu."

Mama alicheka mpaka akashikilia meza. Sasa anakula, kaka, na ni wewe uliyemlisha.

Anakusalimu sana. Ukija, uje na fremu. Mchoro ameutundika chini kabisa, usawa wa kitanda, ili akilala aione miguu.

Mdogo wako akupendaye,
Vernita