Maneno Yaliyorudi Karakanani

Karakana ya Makochi,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Goti lako je? Usiniambie "nafuu" tu, nakujua. Sisi huku wazima, na leo nina shukrani tele.

Baba, kaka yako, sasa anasema, Shangazi! Tena si salamu tu, anasema kazi.

Tangu kiharusi kimnyang'anye maneno, kiti cha mteja alikuwa akikishika na kunyamaza. Nawe unamjua: hapokei kazi kabla hajataja kwa sauti hali ya kila kipande, mteja akisikia, ili baadaye pasiwe na ugomvi. Bila maneno hayo hakuna kazi. Mimi na Mama tulishaanza kutafuta mtu wa kuichukua karakana.

Ndipo ukatupa ile akili yako kwenye simu: tumpe vitu mkononi, vipya na vya zamani, tutaje pamoja naye. Weee! Siku za mwanzo kila kitu kwake kilikuwa kipya. Kochi limetoboka hadi springi zinachungulia, yeye "jipya!" Mama akamtania, "Kweli kipya kinyemi, kingawa kidonda." Baba akacheka, mimi nikalia. Lakini wewe hukuchoka. Kila jioni ulipiga simu, mkarudia pamoja: kuukuu, chakavu, mbovu, nzima.

Alhamisi mshonaji wa jirani akaleta kiti cha marehemu mama yake. Nikataka kumjibia Baba. Akanizuia kwa mkono, akakipapasa kiti, polepole: "Mbao kuukuu, lakini nzima. Kitambaa kichakavu. Springi... mbovu."

Mshonaji akauliza kama kitakuwa kipya.

"Kisiwe kipya," Baba akasema. "Kiwe kizima."

Mshonaji akakiacha palepale, akijifuta macho. Karakana haiendi kwa mtu, Shangazi. Ahsante sana. Mungu akulipe, maana mimi siwezi.

Mama anakusalimu sana, pamoja na mdogo wangu Malkia, ambaye siku hizi kila gauni lake analiita chakavu ili apate jipya. Uamke salama kila siku, na nyumba yako isikose heri.

Kabla sijafunga barua, nimemwuliza Baba kuhusu kile kigoda chako ulichokiacha hapa ulipoondoka. Nikuandikie ni kipya au kikuukuu? Amekipangusa vumbi kwa kiganja.

"Cha dada," akasema.

Wako akupendaye bila kuchakaa,
Kidomo, mtoto wa kaka yako