Nyota Mbili za Shemeji Yako

Shoga, shemeji yako leo kaumbuka mbele ya ukumbi mzima!

Si unazijua zile nyota zake mbili zilizo jirani na jua letu? Katangaza kwa mbwembwe kwamba ni jozi, zinazungukana.

Mwalimu wake wa zamani akanyoosha mkono. "Una hakika? Au zinapitana tu njiani, sisi tukadhani zimeongozana?"

Akajibu, "Sijui."

SIJUI, shoga! Miaka yote ile jicho kwenye darubini!

Mwalimu hata hakumcheka. Alisema mzunguko huo, kama upo, unachukua maelfu ya miaka. Hakuna aliye hai atakayeuona ukikamilika.

Sasa kajiinamia jikoni na koti lake mwilini. Nikamuuliza, "Utafanyaje?"

"Nitazipima tena."

Nimemvua koti tu.