Machozi ya Mama Mbele ya Posta

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji je? Mapacha wamepona kikohozi? Huku miili ni mizima. Mume wangu anaendelea na udereva wake, watoto wanakula kama mchwa, nami bado nasuka vichwa vya watu saluni. Mgongo ndio unaolalamika.

Najua umenikasirikia. Ulipopiga simu ulinifokea, ukakata kabla sijavuta pumzi. Basi nakuandikia, maana barua huwezi kuikata katikati.

Kwanza, mama hatujamtelekeza. Jumanne ile alikwenda hospitali ya macho peke yake, kwa kutaka mwenyewe. Daktari akamwambia jicho la kushoto limekwisha, na la kulia litafuata polepole. Kaka, mtu ameshona nguo miaka arobaini, anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga! Alitoka pale, akaketi kwenye benchi mbele ya posta, akalia.

Mimi nilijua Jumatano, nikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Akaninyanyulia simu yake: "Hebu ona bibi wa watu, watoto wamemtupa." Nikamwona mama, kitambaa kimemporomoka kichwani, kamasi zinamtoka, na maneno makubwa juu yake: WATOTO MWOGOPENI MUNGU. Chini, mamia ya watu wanatutukana. Nikaweka chanuo chini. Yule mteja aliondoka na nusu ya kichwa.

Aliyeipiga picha ile nilimjua, chapa yake ilikuwa pembeni. Ni mpiga picha za pasipoti mwenye kibanda ng'ambo ya posta. Nilimfuata na aproni yangu, wala hakushtuka.

"Dada, pale ni barabarani. Barabarani hakuna faragha."

"Ulimwuliza kinachomliza?"

"Nilitaka watu wamsaidie."

"Nakuuliza, ulimwuliza?"

Akanigeuzia kibao. "Mbona wewe unapiga picha misuko ya wateja, unaweka mtandaoni? Wale wanaosubiri nyuma yao huwa unawauliza?"

Swali hilo linaniudhi mpaka leo. Wateja huwa nawaomba ruhusa, walioketi nyuma, hapana. Nilirudi saluni nikafuta picha moja moja. Yeye naye aliifuta ya mama siku ya tatu, baada ya mume wangu kwenda kukaa kibandani kwake asubuhi nzima bila kusema neno. Lakini kufuta nini tena, na ilishafika hadi kwako?

Sikatai, barabara ni ya wote. Anayepita akuone, akuhurumie, hata akucheke, aende zake. Lakini kuonwa na wapita njia kumi, na kubebwa mifukoni mwa watu usiowajua, ni mamoja hayo?

Nilimwuliza mama kwa nini hakuja kulia nyumbani. Alinijibu taratibu, kama ananifundisha kukunja pindo: "Nyumbani mko saba, na kuta zenyewe karatasi. Nilikwenda kulia kwa nisiowajua ili nisiwalize ninaowajua." Halafu akasema, "Na yule wa mbali nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu."

Hicho ndicho alichoibiwa, kaka. Kwa hiyo nakuomba, usimwambie kuwa umeiona picha. Mpigie, mwulize hali, mwache akusimulie, nawe upokee kama habari mpya. Na kule kwenye kundi la ukoo, ulikoitupa wewe mwenyewe kwa hasira, iondoe leo.

Mama hatoki tena. Alhamisi alipangiwa kurudi kwa daktari, hakwenda. Anasema atanyooshewa vidole. Na kulia hajaacha. Siku hizi anajifungia bafuni, anafungulia bomba, nasi tunakaa mezani tukijifanya tunasikia maji tu.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na shangazi mwambie viatu vilifika na vinamtosha binti yangu. Mungu awatunze huko ugenini, awarudishe kwetu mkiwa wazima.

Wako akupendaye, ingawa bado nimenuna,

Mdogo wako msusi