Jina Lililorudi Kutoka Mbulu

Kansas, Marekani
20 Septemba 1983

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Basili ni mzima. Kikohozi cha safari kimeisha na tumbo limeshakubali chakula chao. Je, mguu wako unaendeleaje? Mama naye mfikishie shikamoo yake, na umwambie sijaacha kwenda kanisani.

Mafunzo yanakwenda vizuri. Asubuhi tunafungua mashine za kuvunia ngano, mchana tunazifunga, na mimi na mwenzangu Pascal hatushindwi na wenyeji. Nikirudi Hanang, meneja wa shamba atafute sababu nyingine ya kunifokea.

Sasa nikupe habari ya mji huu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tangu uanze umebadilishwa jina mara mbili. Mama mwenye nyumba tunayokaa alitusimulia mwezi Juni, tukila. Waanzilishi waliuita Millbrook, posta ikakataa, kwa kuwa jimboni kulikuwa na Millbrook nyingine na barua zingepotea. Wakabishana weee, hadi mkuu wa posta akachoka, akaandika Alma, jina la mkewe, akatuma. Reli ilipofika, kampuni ikaliondoa, ikaweka jina la injinia wake. Sasa wamepiga kura, na kuanzia Januari wanarudia Alma. Nikamuuliza mama huyo, watu walimfanya nini yule mkuu wa posta? Mama akashangaa, akasema hawakumfanya kitu, alizeeka na kuzikwa na mji mzima. Baba, nilishindwa kumaliza chakula.

Najua umeshakunja uso. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, mkutano ulikubali kijiji chetu kiitwe Hhayamur, jina la mahali walipozikwa babu zetu. Katibu nilikuwa mimi, kijana wa miaka kumi na tisa. Mzee Bura, rafiki yako mliyechunga pamoja tangu utoto, akaipeleka karatasi ya jina wilayani Mbulu kwa miguu. Jibu likarudi na jina la Endabasi, kijito kinachopita chini ya nyumba yake. Wewe ndiye uliyesimama wa kwanza kusema kwamba njiani alimpa mtu ile karatasi ambadilishie jina. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kumsaidia kulima, hakuna aliyeomba moto kwake, na mkewe alipofariki kaburi alilichimba na wanawe tu.

Jina lile niliandika mimi, Baba. Karani wa posta alikuwa ameniambia kwamba wilayani kuna Hhayamur nyingine, kwa hiyo letu lingekataliwa. Niliogopa kusimama mbele ya wazee kuwapinga. Nikaandika la kijito, nikijiambia nitaeleza jibu likirudi. Likarudi, wewe ukawa umeshasema, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka tisa, na yule mzee hajui hata kusoma. Nakuomba radhi kwa kukuacha umhukumu rafiki yako bure.

Mwezi Julai nilimwandikia yeye kwanza. Jibu limefika juzi, limeandikwa na mjukuu wake Genoveva. Amesema nilimkosea mno, na amenisamehe, kwa sharti kwamba nikuambie wewe kwa mkono wangu mwenyewe. Haya, nimekuambia. Huwezi kujua nilivyo mwepesi leo. Jana usingizi ulinichukua nikiwa bado na viatu, jambo ambalo halijanipata tangu nilipokuwa shule ya msingi.

Jina la kijiji mtaamua mkutanoni, kulibadili au kuliacha. Sina neno. Nakuomba jambo moja tu, uende kwa Mzee Bura. Yeye hatakuja kwako, amesema wewe ndiye uliyeacha kumsalimia. Lakini Genoveva ameniongezea mistari miwili pembeni ya karatasi, babu yake asijue. Anasema mzee ametengeneza pombe, hataki mtu aiguse, na kila akiamka anamuuliza barua kutoka Marekani hadi kwa Yoakimu, yaani kwako Baba, huchukua siku ngapi.

Wasalimie wadogo zangu wote, na jirani atakayeuliza habari zangu mwambie nipo, nakuja Desemba.

Ni mimi mwanao,
Basili