Kompyuta Kando ya Kitanda

Jumanne

Na mimi nilidhani chumba cha kulala kinatosha. Baba mkwe hawezi kukanyaga huko, ni mwiko, na wageni wote huishia sebuleni. Kwa hiyo kompyuta ya kazi nimekuwa nikiiweka kando ya kitanda, nikaitia nywila, nikaona nimemaliza.

Nilimsahau Evans, mdogo wa mume wangu. Yeye huingia popote hapa nyumbani. Leo nikiwa shambani aliichukua akaipeleka kwa fundi, sokoni Ekerenyo, eti Baba anataka picha za mazishi ya Mama zilizomo.

"Hatujaharibu kitu, shemeji," aliniambia akinirudishia. "Fundi hata hakuhitaji nywila. Alichomeka flashi, akaiwasha nayo, kila kitu kikaonekana."

Kila kitu. Wanawake wanaokuja kwenye kituo cha msaada ninapofanya kazi kunieleza wanayotendewa nyumbani, maneno yao yote naandika humo. Huwa nawaahidi hayatatoka. Nywila yangu ilikuwa ya kuwashia tu. Diski yenyewe, yanapohifadhiwa maandishi, sikuwahi kuifunga isisomeke bila nywila, ingawa kazini tulionyeshwa namna. Nilisema nitafanya nikipata nafasi.

Baba amefurahia picha zake. Sina neno naye.

Lakini Evans alipokuwa akitoka alisimama mlangoni, akasema bila kunitazama, "Kumbe Moraa huja kwako."

Moraa ni mke wake.

Diski nimeifunga sasa. Inafaa nini, sijui. Kisha nimempigia Moraa, nimwambie aje alale kwetu na watoto.

Simu imepokewa na Evans.