Basi Lililompisha Mikaeli

Etiye Mulunesh, dada yangu mkubwa wa redioni, naomba msaada wako na naomba usinitaje jina, na ya wengine nimeyabadilisha, maana ofisini kwetu redio haizimwi asubuhi mpaka jioni. Mimi ni mwandika saa kwenye kituo cha mwisho cha mabasi hapa Addis, kazi yangu ni kuandika basi limefika saa ngapi, na kama limechelewa, limecheleweshwa na nini, na karatasi niliyopewa ina vyumba vitatu tu vya kutia alama: ajali, gari bovu, uzembe wa dereva. Cha nne hakipo. Jiji linaitoza kampuni faini kwa kila basi linalochelewa, kampuni nayo inatafuta mtu wa kumbebesha, na dereva akiandikiwa uzembe mara tatu anaondolewa kwenye usukani.

Sasa yuko dereva wetu mmoja, Gashe Belachew, mtu mzima wa heshima zake, kabakiza miezi minane astaafu, na tayari anazo mbili, moja ya mafuriko yaliyofunika daraja, nyingine ya barabara kufungwa ili wakubwa wapite, zote aliandikiwa na mwenzangu aliyenitangulia. Siku ya pili ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Bwana, tabot ya malaika Mikaeli, lile bamba takatifu la kanisa lake, ikirudishwa kanisani kichwani kwa kasisi, Gashe akapita njia ile ile aliyoelekezwa na ofisi, ambayo msafara ulitakiwa uwe umeshaivuka, lakini tabot ilipofika njia panda ikakataa kuondoka, na wewe unajua ikikataa imekataa, kasisi miguu haimwendi, watu wanaimba, wanapiga vigelegele, wanaomba, na ni dereva gani atapita hapo? Abiria wote wakashuka wakapiga magoti juu ya lami, na yeye akazima injini, akavua kofia, akapiga magoti nao. Dakika hamsini na mbili.

Nilipoliona basi linaingia nikajua hii ndiyo ya tatu, roho ikaniuma, Etiye, nikatia alama kwenye "gari bovu" nikaenda zangu kula. Sikumwambia mtu. Gashe aliposikia hajaandikiwa kitu alikuja kunishika mkono, akasema, "Mwanangu, Mikaeli kanitetea." Nikaitikia amina.

Kumbe gari bovu nalo lina mwenyewe. Basi lile lilikaguliwa alfajiri ile na fundi Zerihun, jirani yangu, tuko naye chama kimoja cha kuzikana, mama yangu alipofariki ni yeye aliyefunga hema la msiba, na sasa gereji inasema alilitilia sahihi kuwa zima na kumbe bovu, Ijumaa anaitwa mbele ya kamati, na akikutwa na kosa ananyang'anywa cheti chake cha ufundi. Jumapili alikuja kwetu kunywa kahawa. Nikammiminia kikombe cha kwanza, nikammiminia cha pili, kisha akaniambia, "Nimelifungua lile gari mara tatu. Sioni kitu. Labda macho yangu yameanza kuniacha." Akakaa mpaka kikombe cha tatu, kile cha baraka, akaibariki nyumba yangu, na mimi nipo pale na birika mkononi. Nikisema ukweli namwangusha Gashe, nikinyamaza namwangusha Zerihun, na mimi mwenyewe nina kazi ya kupoteza. Nifanye nini?

Mwandika saa, Addis Ababa

*

Mwandika saa,

Pole. Ulimwonea huruma mzee wa watu, na aliyetunga karatasi ya vyumba vitatu katika mji ambao tabot husimama inapotaka, anastahili kupelekwa pale njia panda akaone mwenyewe. Hilo nakupa. Lakini usijifiche nyuma yake. Mzigo haukuondoka, binti. Uliutoa bega hili ukautua bega lile, tena bega la mtu aliyefunga hema la mama yako.

Unasema utamwangusha Gashe. Umemuuliza? Mtu aliyeacha usukani akapiga magoti mbele ya abiria wake, huku akijua tayari anazo mbili, unadhani atataka kuimaliza hiyo miezi minane juu ya mgongo wa Zerihun? Sasa anazunguka mjini anamshukuru Mikaeli. Mikaeli hakushika kalamu, uliishika wewe.

Sikiliza basi. Nenda kwa Gashe leo, mweleze yote, usikate kona. Kesho asubuhi chukua karatasi mpya, usitie alama popote, andika pembeni kwa mkono wako: saa ngapi, njia panda gani, tabot ilisimama, dereva alikuwa kwenye njia aliyopangiwa na ofisi. Andika pia kwamba ile ya kwanza uliijaza wewe na ilikuwa ya uongo. Abiria wenu ni wale wale kila siku, kwa hiyo simama na Gashe mlangoni pa basi mkusanye majina na sahihi. Hakuna atakayekataa kusema kwamba naye alipiga magoti. Kanisani ombeni barua ya kuonyesha tabot ilisimama saa ngapi mpaka saa ngapi. Pelekeni yote kabla ya Ijumaa, na Gashe adai zile mbili za nyuma zitazamwe upya, maana mafuriko hakuyaleta yeye wala wakubwa hakuwaalika yeye. Huenda wakamsikiliza. Huenda pia wakakufukuza wewe, sikufichi. Lakini hiyo itakuwa adhabu ya jambo ulilolifanya kwa mkono wako, na katika kisa hiki chote ni wewe peke yako utakayeadhibiwa hivyo.

Na kabla ya hayo yote, kabla ya Gashe na kabla ya karatasi, zima redio uvuke ua uende kwa jirani yako. Pengine sasa hivi amekaa dirishani, kafunika jicho moja, anajaribu kusoma maandishi ya kwenye kiberiti. Mwambie macho yake ni mazima. Mwambie hakuona kitu kwa sababu hakukuwa na kitu.