Mashavu wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wa Mama umetulia tangu aanze kulalia lile godoro gumu. Mimi huku sijambo. Kifua kimepona, nakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, mashuka nafua. Na dukani kwenu vipi? Yule mteja aliyekuletea kigae cha kikombe akitaka umkorogee rangi hiyohiyo ya ukuta, ameridhika au bado anakurudisha kwenye makopo?

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kwenye simu utanikatiza. Ukishasema tu "hebu subiri kwanza, Kasuku", maneno yote yananiruka. Jambo ninalotaka kukueleza ni refu, na mwisho wake ni ombi. Bila jibu lako kitabu changu hakiendi mtamboni, na jibu linahitajika kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa hiyo nakusihi, usifanye ile tabia yako ya kuanza na ukurasa wa mwisho. Soma kwa mpangilio. Na uniache nijisifu kidogo, maana safari hii nina cha kujisifia.

Kitabu chenyewe ni cha watoto, cha kuchagua. Mtoto akifika mahali anaulizwa: Mashavu achukue mwavuli au auache? Aende na mbwa au amfungie nyumbani? Akichagua anaelekezwa ukurasa mwingine, na huko anakuta picha ileile imebadilika. Mvua inamwaga na Mashavu ameloa chapachapa, au jua linawaka na yeye kabeba mwavuli wa bure. Mashavu ndiye msichana wa kitabu, mjuaji, mkaidi, mashavu yamemvimba kama kaficha mayai mawili mdomoni. Huenda umeshaanza kukunja uso. Endelea tu kusoma.

Picha ni kumi na nane, kila moja kwa sura nne. Piga hesabu, sabini na mbili. Mchoraji aliyenitangulia alizichora moja moja, kila sura akianza upya, na alipofika ya sita Mashavu alikuwa wasichana wanne tofauti, mmoja na shingo ya twiga, mwingine umri wa mama mtu mzima. Mhariri wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka bila sababu, aliziangalia, akamshukuru mchoraji kwa upole, kisha akatuambia sisi tuliobaki kwamba asipopatikana mtu wa kumfanya Mashavu abaki Mashavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitabu anakifuta. Nikanyoosha mkono. Unanijua, mkono wangu hutangulia akili.

Sasa nikueleze ninavyofanya, maana Mama aliniuliza akadhani kompyuta ndiyo inayochora. Wapi! Ninachora mimi, kwa kalamu, juu ya kioo cha tableti. Ila programu inanipa matabaka. Chukulia karatasi za plastiki zinazoonyesha upande wa pili, umezipanga moja juu ya nyingine. Kwenye moja nimechora mwili wa Mashavu, kwenye ya juu yake gauni kavu, nyingine gauni lililoloa, nyingine mwavuli, nyingine mbwa, na juu kabisa mvua. Kila tabaka lina alama ya jicho pembeni. Ukilibonyeza linafumba na kile kitu kinatoweka kwenye picha, ingawa bado kipo. Ukilibonyeza tena kinarudi. Kwa hiyo Mashavu namchora mara moja tu, kisha nafumba na kufumbua macho hadi nipate sura zote nne.

Ukisikia ni rahisi. Mwezi wa kwanza niliumbuka, Dada, usiombe. Matabaka yangu niliyaita "mpya", "mpya ya pili", "mwisho", "mwisho kabisa", na moja, Mungu anisamehe, "mwisho kabisa kweli". Asubuhi moja mpangaji wa kurasa, kijana mpole anayekaa dirishani karibu na feni, aliniita akaniuliza kwa adabu kama ni makusudi mvua inyeshe ndani ya nyumba na mbwa avae gauni la Mashavu. Ofisi nzima ilicheka. Hata wale wa duka la vioo chini yetu walisikia. Wiki hiyohiyo niliunganisha matabaka yote ya picha ya tano yakawa tabaka moja, nikahifadhi, nikafunga. Mwavuli ukagandana na mkono, mkono ukagandana na ukuta, na hakuna jicho la kufumba tena. Kazi ya siku nne ikaenda na maji. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, sikufichi.

Niliporudi kwenye kiti nilianza upya kwa nidhamu. Kila picha ikawa na folda zake, hali ya hewa peke yake, mavazi peke yake, vya mkononi peke yake. Kila tabaka nikaliita kwa kitu kilichomo, basi, hakuna mbwembwe. Kivuli kila kimoja nikakifunga na chenye kivuli chake, ili mbwa akiondoka kivuli chake kisibaki kikizurura uwanjani. Na tabaka la chini kabisa, lenye mistari ya kwanza ya Mashavu, nikalipiga kufuli na kulifumba jicho, asiliguse mtu. Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji mtaroni. Mhariri akitaka gauni la kijani liwe la njano, nabadilisha kabla hajamaliza kuvuta kiti. Picha sabini na mbili zikatoka, na Mashavu ni yuleyule, kidevu kilekile, kiburi kilekile.

Dada, walinisifu! Mhariri alikusanya wachoraji wote, hata wa mkataba, akafungua faili langu moja kwenye skrini ya ukutani akawaambia waangalie jinsi mtu mwenye heshima anavyopanga kazi yake. Mimi, ambaye ulikuwa unaniokotea soksi chini ya meza! Siku hiyo nilitembea nyumbani kwa miguu, nikiwasalimia watu nisiowajua. Najivunia ile kazi na nitaendelea kujivunia, hata baada ya haya yanayofuata.

Yanayofuata ni haya. Mpangaji alitaka kuchapa picha moja kubwa ya kubandika ukutani. Akafungua faili, na kwa kutaka asiache kitu, akafumbua macho yote, hata lile la chini kabisa lililofungwa. Picha ilipotoka kwenye mashine, chini ya rangi zangu zote ilionekana karatasi ya daftari la hesabu niliyoipiga picha ili niifuatishe, vile visanduku vyake, Mashavu wa penseli, na pembeni wino mwekundu wa mwalimu ukisema kwamba daftari hili ni la hesabu, si la kuchorea watoto wenye mashavu.

Umeshajua. Ni daftari lako.

Watu walijaa mezani. Mhariri alivaa miwani, akaichungulia kwa muda mrefu, akauliza penseli hii ni ya nani, kwa sababu ina uhai kuliko vyote vilivyo juu yake. Nami nikajibu kwamba ni yangu, ya nilipokuwa shule. Lilinitoka tu. Akacheka, yule mama asiyecheka, akaagiza picha ibandikwe mlangoni kama ilivyo. Kwa wiki tano kila mgeni alionyeshwa kipaji changu cha utotoni, na mimi nikisimama pale natabasamu kama mjinga.

Na si hilo tu. Lile daftari ulilolitafuta mwaka juzi, ukapekua sanduku la chini ya kitanda cha Mama mpaka ukatoa blanketi zote uani, mimi nilikuwa pale nakusaidia kutafuta. Nilikunja blanketi nawe. Nikasema labda panya. Muda huo daftari lilikuwa kwenye begi langu, limefungwa ndani ya shati. Ulikaa kitandani ukasema basi, mambo ya utoto hayo, kisha ukaenda kumgeuza Mama. Dada, sijawahi kuona aibu kama ninayoiona sasa hivi ninapoandika mstari huu.

Ningeweza kunyamaza hadi leo, na uwe na hakika ningenyamaza, kama si ukurasa wa kumi na saba. Mwandishi alibadilisha hadithi mwishoni. Sasa kwenye ukurasa huo mbwa anapotea, na Mashavu analia. Nikaona ni kazi ndogo, nifungue tabaka jipya, nichore uso wa kilio, nimalize. Nikachora, akaonekana anapiga chafya. Nikachora tena, akawa na jino linalouma. Mara kumi na moja, Dada. Mhariri alizirudisha zote akiniambia bila ukali kwamba huyu si yeye. Ndipo nilipofungua daftari lako kutafuta Mashavu anayelia ili nimfuate, kama nilivyofuata sura nyingine zote. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Kuna Mashavu aliyenuna, aliyeringa, aliyelala, anayemtolea ulimi mwalimu wa hesabu. Sura kumi na nne. Anayelia hayupo.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama kalala kitandani hawezi kugeuka, wewe umeacha shule ili mimi nibaki, na hukuchora chozi hata moja. Mimi nimekaa na daftari lile miaka miwili na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kesho yake nilikwenda kwa mhariri nikamweleza kila kitu, pamoja na panya. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akaibandua ile picha mlangoni taratibu bila kuichana, akaniuliza kama dada yangu anajua. Nikasema hajui. Akasema basi kitabu hakitoki hapa mpaka ajue na akubali kwa maandishi yake mwenyewe, na kwamba mpangilio wa matabaka ni wangu, hakuna atakayeninyang'anya, lakini msichana ni wa mwenye msichana. Alisema kweli, na nilitoka mle ofisini nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.

Jalada jipya limeshapangwa, ila halijachapwa. Jina lako liko juu, mchoraji wa Mashavu. Langu liko chini yake, rangi na mabadiliko ya picha. Nililiangalia mpaka mpangaji akaniuliza kama kuna kosa. Nikamwambia hakuna, yule wa juu ndiye aliyenilea. Nilisema kwa sauti, Dada, ofisi nzima isikie.

Ombi langu ni hilo. Ukikataa, kitabu kifutwe, na sitanung'unika, wala sitamtuma Mama akubembeleze. Ukikubali, weka sahihi kwenye karatasi niliyoiambatisha, ambamo haki zako zote zimo. Halafu, kama moyo utakutuma, nichoree Mashavu akilia. Mimi siwezi. Naweza kumvisha, kumlowesha, kumwashia taa na kumzimia, lakini jinsi anavyolia anayejua ni wewe peke yako. Usiniambie mkono umesahau. Mtu anayetazama kigae cha kikombe akakoroga rangi ileile kwa jicho tupu hajasahau kitu.

Daftari lako limo ndani ya bahasha hii, nimelifunga kwa plastiki. Kurasa zote zipo. Kwenye jalada kuna doa la chai, hilo ni langu, nisamehe na hilo. Mwishoni zimebaki kurasa nne tupu, ambazo sikuthubutu kuzigusa.

Nisalimie sana Mama, umwambie nitakuja mwenyewe kumwomba radhi kuhusu panya. Msalimie shemeji na wote wa dukani. Nakutakia afya na mikono isiyochoka, nami nakaa karibu na mlango nikisubiri neno lako, lolote litakalokuwa.

Ni mimi mdogo wako, mwizi wako, ninayejivunia kuzaliwa nyuma yako,

Kasuku